Kiti cha Binti Yangu Kwenye Gari la Desemba

Binti yangu alishaanza kusema "mama" na "maji", halafu maneno yakapotea. Mikono ikabaki kusuguana kutwa, kama anafua. Sokoni Mchikichini, ninakouza viatu vya mitumba, wenzangu hunitania: "Leo anafua za nani?" Nacheka nao, kisha namfunika mikono kwa khanga.

Walionimaliza nawataja: mama mkwe, na mume wangu kwa kunyamaza kwake. Ni watu wa Kilimanjaro, wana duka la jumla Kariakoo. Kila Desemba gari hujaa ndugu, wanapanda kwao kula Krismasi, mimi na mtoto tunabaki. Mama mkwe husema: "Kwetu hakuna mtoto wa hivi. Mkosi huo ni wa kwenu pwani."

Mwaka jana, majibu ya vipimo yalipotoka, daktari, mama mtu mzima, alinieleza taratibu, maana mimi niliishia la saba. Kwenye ubongo unaokua kuna protini inayokaa juu ya jeni. Ikishikana na protini wenzake, jeni nyingine hunyamazishwa, nyingine huachwa zifanye kazi. Nikamwambia, kama kufungua belo la viatu: mmoja ashike, mwenzake apange kipi kitundikwe, kipi kibaki kimefungwa.

Akacheka. "Hivyo hivyo, mama. Ya binti yako haishikani na wenzake."

"Kaitoa kwa nani?"

"Hamkumrithisha. Mara nyingi hitilafu hii huzuka upya, tena zaidi kwenye mbegu ya baba. Si kosa lake, wala lako."

Nikaenda na mtoto moja kwa moja dukani.

"Shikamoo, mama. Daktari kasema si mkosi. Mwaka huu naomba kiti chake kwenye gari."

"Marahaba." Akanisikiliza mpaka nilipofika kwenye mbegu. Akamgeukia mume wangu. "Mbegu yako? Unamsikia mkeo anavyokutukana mbele ya wateja?"

Mume wangu alikuwa anafunga katoni za sabuni. Hakuinua kichwa. "Mke wangu, usianze. Gari limeshajaa."

"Limejaa nini?"

"Mizigo."

Wateja wote walikuwa wanamtazama mtoto, na yeye anafua tu. Nikavua khanga begani, nikamfunika mikono, tukatoka.

Mtoto hakuwatazama wale watu. Alinitazama mimi, huku akiivuta mikono yake itoke chini ya khanga.