Mutoto wa Mamba ku Sinema

Muniache nimalize ndipo mucheke. Veronika, mutoto wa marehemu bibi wa kwanza wa bwana yangu, alikuwa ananikimbia tangu afike kwetu toka Isangi. Bon, basi, siku moja misioni ya Kisangani ilituonyesha sinema ya michoro. Mutoto wa mamba alizaliwa katikati ya mabata, na mabata wote wakamufukuza. Nikasahau kama ni michoro tu. Nikasimama, nikafungua mikono.

“Mutoto wangu, kuja kwa mama.”

Watu wakacheka. Jirani yangu Alphonsine akauliza, “Angelina, mamba utamulisha nini?”

“Samaki,” nikajibu, haya imenijaa.

Veronika akatoka nyuma ya baba yake, akakaa ku magoti yangu.

“Mama,” akasema, “na mimi ninakula samaki.”