Pia ya Fedha ya Pok Nik

Klabu nyingine za kurusha pia zina vikombe. Yetu, hapa Beta Hilir, Kelantan, ina pia ya fedha, pana kama sahani. Aliyeifua ni Pok Nik, mfua fedha ambaye mwenyewe hajawahi kurusha pia ikasimama, masikini! Mkewe Jarah alipofariki, mzee aliyeyusha vikuku vya marehemu na fedha yote ya karakana, akafua zawadi ya washindi.

"Jarah alipenda mashindano kuliko alivyonipenda mimi," alitwambia.

Basi juzi mwenyekiti wetu, Deraman, akaleta kikombe cha dukani, kirefu, chenye masikio mawili. Akatangaza kuwa pia itayeyushwa, iuzwe, uwanja upate paa.

"Zawadi gani hii, hata kahawa huinywei humo?" alidhihaki.

Pok Nik alisimama. "Pia ni ya kuzungushwa, Mwenyekiti. Ishindanishe na pia yako ya mti, hiyo bingwa. Ya fedha ikitangulia kufa, ikaacha kuzunguka, naiyeyusha mimi mwenyewe."

Lo, tulivyocheka! Fedha ishindane na mti? Lakini mrushaji wetu aliizungushia kamba, akaivurumisha chini, mwenzake akaichota upesi kwa kibao na kuitua juu ya kigingi, kando ya ile ya mti iliyorushwa papo hapo. Wanawake waliacha kutafuna tambuu. Mimi niliiombea dua ile ya fedha, na wala vikuku havikuwa vya kwetu.

Tulikaa hivyo mpaka jua likahama. Hatimaye ya mti ikaanza kuyumba, ikayumba tena, ikaanguka! Tukaruka juu kwa kelele.

"Mnashangilia nini?" Deraman alifoka. "Hii ya fedha imekufa zamani! Haitikisiki!"

Hata mtoto wa hapa anajua kwamba pia iliyorushwa vizuri hulala fofofo, imetulia tuli huku inazunguka. Deraman naye anajua, ila hasira ilishampofusha. Akanyoosha mkono.

"Usiguse, wee!" tulipaza sauti.

Akagusa. Pia ilimng'ata vidole, ikaruka, ikakipiga kikombe kipya mezani, sikio moja likaenda zake.

Pok Nik akaiokota. Ilikuwa imebonyea ubavuni. Aliikumbatia, analia huku anacheka.

"Nisamehe, Pok," Deraman alisema akinyonya vidole. "Lete nyundo, tuinyooshe."

"Thubutu! Iache hivyo hivyo. Jarah naye ukimwamsha usingizini, alikuwa anapiga kwanza, ndipo anauliza ni nani."