Bosi Hataki Diski Yake Igawanywe, Mwanangu Atafukuzwa

Jina langu mlifiche tafadhali, huku Pongwe nikitajwa tu wote wanajua ni mama wa nani. Nina miaka hamsini na mbili, darasa la saba sikulifika, lakini nimezaa kichwa, wallahi. Binti yangu ni fundi wa kompyuta. Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni nilimsomesha kwa machungwa ya Muheza, nikiyauza mwenyewe juani.

Baba yake alipunguzwa kazi shirika la mkonge lilipouzwa. Mnunuzi akamchukua binti yetu amtengenezee databesi, kumbukumbu zote za mashamba na wafanyakazi ziingie kwenye kompyuta. Nilipika pilau mtaa mzima ukala, tukasoma dua. Leo pilau ile inanitokea puani.

Bosi huyo kanunua diski kubwa ya kompyuta, anasema Tanga nzima hakuna mfano wake. Binti akiweka programu ya databesi, inakataa, eti nafasi haitoshi! Na diski ni tupu! Akanieleza, "Mama, programu yenyewe ya zamani. Nafasi ikizidi kiasi inachokijua, hesabu inaipotea, inaona hakuna kitu. Dawa ni kuigawa diski sehemu ndogo ndogo, databesi ikae kwenye moja."

Hata mimi muuza machungwa nilielewa. Bosi ndiye hakuelewa. Kamfokea mbele ya wenzake, "Nimenunua kitu kizima, unikatie mapande? Kipande kingine unampelekea nani?" Kampa mpaka mwisho wa mwezi, isipofanya kazi analeta fundi kutoka Dar.

Habari zimefika mtaani. Juzi bombani jirani kaniuliza, "Shoga, kompyuta ya mwanao bado imeshiba?" Nikamjibu, "Imeshiba pilau yangu, ile uliyorudia sahani mbili." Walicheka, nikacheka, nikafika nyumbani nikalia.

Mwanangu chakula hali. Ufunguo wa ofisi anao, na Jumapili hakuna mtu. Ameniuliza, "Mama, nikaigawe kimyakimya?" Ikikubali, kavunja amri ya bosi. Ikikataa, ataitwa mharibifu, labda mwizi, na nyumba nzima tunakula kwa mkono wake.

Sasa kakaa mlangoni jikoni ananitazama, na mimi najifanya nachochea moto. Wazazi wenzangu, nimwambie aende au akae? Nijibuni, mtoto anasubiri.