Viola Kabla ya Maombi

Piano pekee niliyoweza kuifikia kwa miguu kutoka nyumbani, mtaa wa Baba Dogo jijini Nairobi, ilikuwa kwenye ukumbi wa mtaa, na ufunguo wa ukumbi ulikaa ndani ya mkoba wa mama mwenyekiti. Mwenzangu wa muziki, mshonaji katika kiwanda kimoja Industrial Area, alijifunza piano kanisani. Mimi ni mwalimu, na hupiga viola. Kama hujawahi kuiona, ifikirie kama fidla iliyonenepa kidogo, sauti yake ikashuka ikawa kama ya mama anayeimba huku akifua. Tulitaka jambo moja tu: tufanye mazoezi pale kila Jumamosi.

Mama mwenyekiti alilitazama sanduku la viola, akanitazama mimi.

"Fungua nione."

Nilifungua. Aliinua kitambaa na kuchungulia chini yake.

"Mwalimu, Jumapili mtawapigia watu huo muziki wenu. Wakitoka bila malalamiko, Jumamosi zote ni zenu. Mtu mmoja akija kunigongea mlango, mimi na wewe hatujuani."

Sikumlaumu. Ukumbi ule umeshawapokea waliopima watu presha bure kisha wakawauzia chupa za dawa ya mitishamba, na waliouza ploti ambazo hadi leo zimeonekana kwenye picha tu. Kwetu, mtu akialikwa bure, kwanza anatafuta mlango wa kutokea uko upande gani.

Jumapili alasiri watu walikuja, wakajaza viti vya nyuma na kuacha vya mbele vitupu. Mama mwenyekiti alikaa kando ya mlango, mkoba mapajani. Nilikuwa nimechapisha karatasi ya kueleza tutakachopiga. Hakuna aliyeipokea.

"Mimi sisaini kitu," alisema mzee mwenye duka la jumla, akificha mikono ndani ya kanzu.

"Si ya kusaini, mzee. Ni ya kusoma."

"Hata ile ya ploti walisema ni ya kusoma."

Mwenzangu alinipa noti moja kwenye piano, nami nikakaza nyuzi zangu hadi zikalingana nayo. Nyuma mtu akanong'ona, "Wanapima mitambo." Tukaanza. Kipande chetu kilikuwa na sehemu tatu, na kati ya sehemu na sehemu mpigaji hunyamaza kidogo bila kupigiwa makofi. Katika kimya cha kwanza nilisikia zipu za mikoba zikifungwa. Sehemu ya pili, ile ya polepole, watu walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakacheka. Nikaanza kuwashuku na mimi. Labda walikuwa wamekubaliana kutuonyesha kwamba hatutakiwi pale.

Noti ya mwisho ikafifia. Tuliinama kushukuru. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyeondoka.

"Tumeharibu," mwenzangu alininong'oneza.

"Haya, mwalimu," mama mwenyekiti akasema. "Tumekaa vya kutosha. Anzeni."

"Tuanze nini, mama? Tumemaliza."

Kicheko kikazuka nyuma, na mtu akamwambia jirani yake, "Si nilikuambia! Hawa ni wajanja! Kaa rada, fungua macho!"

"Mmemaliza vipi, na hata hatujafungua kwa maombi?" mama mwenyekiti akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika ukumbi wetu, iwe ni kikao cha matanga au cha maji, Mkristo hufungua kwa maombi na Mwislamu hufunga kwa dua. Muziki unaopigwa kabla ya maombi ni wa kusubiria wanaochelewa. Kwa hesabu ya kila mtu pale ndani, sisi tulikuwa bado tunasubiri watu, na kile kilichotuleta kilikuwa bado kimefichwa. Nimezaliwa mtaa huu, na hilo nililisahau kwa kujali mavazi na karatasi.

"Basi tufungulie, mama."

Alisimama na kufumba macho. "Bwana, kama kuna mtu hapa amekuja na jambo lake moyoni, ulifunue mapema." Wakaitikia wote, wengine kwa Amina, wengine kwa Amin. Kisha nikaeleza taratibu: sehemu tatu, kimya mara mbili, na baada ya ile ya tatu, kila mtu nyumbani kwake.

"Na hakuna kitu?" mzee akauliza.

"Hakuna kitu."

"Tutaona."

Tulipiga tena kutoka mwanzo. Safari hii hakuna aliyeongea. Walitukazia macho mikononi kama wanavyomkazia tapeli wa karata tatu. Katikati ya sehemu ya polepole niliona mikono ya mzee imetoka ndani ya kanzu na kutulia magotini. Tulipomaliza, aliutazama mlango, akanitazama, kisha akainua viganja na kusoma dua fupi. Baada ya Amin, ndipo makofi yakaja.

"Kumbe ni hivyo tu?" mama mmoja akasema, kama aliyepunjwa kidogo.

Hakuna aliyelalamika. Mama mwenyekiti alichungulia nyuma ya piano, halafu akanipa ufunguo, ila kamba yake hakuiachilia mara moja.

"Jumamosi nakuja."

"Karibu sana, mama."

"Sijasema nakuja kusikiliza."

Jumamosi alikuja kweli, akakaa kando ya mlango, mkoba mapajani. Nilipoinua upinde, alinyoosha mkono kunizuia na kufumba macho. Mwenzangu akaondoa vidole kwenye piano, tukamsubiri hadi alipomaliza.