Koti la Shikanga Ndani ya Blanketi

Saa moja asubuhi, na ukungu bado umelala juu ya kijiji cha Isecheno. Jescah Muhonja anapitisha kiganja kwenye blanketi lililokesha kambani. Miguuni ni baridi. Mabegani ni baridi. Kifuani pana joto, kama mahali mtu ametoka kulala sasa hivi.

"Guza mwenyewe," anamwambia mwandishi.

Mwandishi anagusa, kisha anautoa mkono haraka.

Jescah, 44, ni fundi wa nguo kando ya msitu wa Kakamega. Mumewe, Shikanga, alikuwa akiongoza watalii. Mwaka jana alinyeshewa humo msituni siku mbili. Blanketi lake la kilo tatu alikuwa ameliacha nyumbani kwa uzito wake. Nimonia ilimmaliza kabla ya wiki kuisha.

"Nilirudi kutoka kwa mazishi nikalikuta kitandani, limekunjwa vizuri. Nililichukia," anasema. "Nikaapa nitashona moja ambalo mtu hawezi kuliacha."

Analoshona yeye lina gramu mia saba. Halina upande wa mgongoni, kwa kuwa vitu vya kujazia vikilaliwa hubonyea na joto hupotea bure. Mikanda miwili hulifunga kwenye mkeka. Ndani kuna vyumba sita vilivyoshonwa kimoja kimoja. Miguuni huweka manyoya ya bata, yaliyooshwa mara nne. Mabegani, sufi, ile pamba ya mti. Kifuani, pumzi ya anayelala inapotua, manyoya hulowa na kushikana, kwa hiyo hapo hutia nyuzi za makoti ya mitumba.

"Bata mmoja hatoshi hata kidole cha mguu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Alipokuwa akishona la kwanza, nyuzi zilimwishia kifuani. Ukutani lilikuwa limetundikwa koti la Shikanga. Akalipasua.

Hapo ndipo alipokosea, naye anajua. Kwao nguo za marehemu haziguswi mpaka ukoo ukae na kuzigawa, na kikao kilikuwa bado, kikimsubiri shemeji yake mkubwa, Phineas, aliyekuwa mbali kikazi.

Waongozaji watatu wamewahi kulala chini ya blanketi hilo, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wanasimulia jambo moja: kabla ya alfajiri, mluzi mdogo, mara mbili, karibu kabisa na sikio. Ndivyo Shikanga alivyokuwa akiwaamsha wageni wakaone jua likichomoza kilimani Lirhanda.

Elvis Osiako, 23, mmoja wao, alipotea msituni mwezi uliopita akiwa nalo, mvua ikinyesha.

"Nilikuwa nimelala chini ya mti. Nikasikia mluzi, nikaamka, nikasonga. Kidogo tu, tawi likaanguka pale nilikuwa," anasema. Halafu anamgeukia fundi, akimwita kwa jina la bintiye. "Mzee alikuwa anapiganga hivyo hivyo. Mama Nafula, hilo blanketi usilifumue, tafadhali."

Lakini Phineas amerudi, na kikao ni kesho. Anataka koti la nduguye lirudi, hata kama ni nyuzi ndani ya mfuko.

"Shemeji, sikulaumu," alimwambia Jescah juzi, akiwa amesimama mlangoni bila kuingia. "Lakini umemshonea ndani. Atapumzika vipi?"

Swali hilo limemnyima Jescah raha. Akifumua, anahofia atampoteza mume mara ya pili, na kijana mwingine kama Elvis asiwe na wa kumwamsha. Asipofumua, anahofia ndiye anayemzuia Shikanga kwenda zake. Yeye mwenyewe hajawahi kulala chini ya blanketi hilo. Alikuwa akiogopa, anakiri.

Leo atalala nalo.

"Nitamuuliza kama amechoka kuamsha watu," anasema, akilikunja hadi likaenea kwapani. "Akinyamaza mpaka kuche, nitafumua kwa mkono wangu, kabla Phineas hajafika."

Na akipiga mluzi?

Jescah analishusha kutoka kwapani na kulikunjua. Mkono wake uko pale kifuani, penye joto.

"Basi Phineas atanikuta nimeamka, na nimelishika."