Glavu ya Fundi Pumua

Wapo wanaoamini kwamba shida za dunia zinatokana na wivu, na wapo wanaosema ni siasa. Fundi Pumua aliamini zinatokana na hewa iliyokosa pa kutokea. Mlango wa stoo ukikwama, haupumui. Mtoto wa jirani akilia tumbo, naye vivyo hivyo. Ndoa ya bosi wake wa zamani ilipovunjika, alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu akasema aliona dalili mapema.

Kwa upande wa injini, angalau, hoja ilikuwepo. Injini ya mashindano huchoma kwa nguvu juu ya pistoni, na sehemu ya moshi hupenya kando ya ringi zinazoizunguka, ikashuka tumboni kule krenki inakozunguka. Moshi huo usipopewa njia hujitafutia wenyewe: husukuma sili, yale mapete ya mpira yanayozuia oili, na oili ikavuja kila penye upenyo. Dawa ya Fundi Pumua ilikuwa pampu ndogo inayozungushwa na mkanda, yenye bomba la kuufyonza moshi kutoka ndani.

Mafundi wenzake walipima mvuto wa pampu kwa geji. Yeye alipima kwa glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, ya rangi ya waridi, mali ya mkewe. Aliivisha kwenye mdomo wa kujazia oili na kuwasha gari. Glavu ikivimba na kukupungia mkono, injini imebanwa. Ikinywea, mambo safi.

"Geji inaweza kudanganya," alisema. "Lakini glavu itadanganya ili ipate nini?"

Mteja wake mgumu kuliko wote alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa mashindano ambaye tayari alikuwa amemwaga oili uwanjani mara mbili. Mara ya pili, magari matatu yaliyomfuata yalizunguka kama pia. Kwa hiyo wakubwa wa mchezo walimwekea sharti: kabla ya kuingia tena, gari lake liungurume dakika tano juu ya shuka jeupe. Tone moja tu, anafungiwa maisha. Na nje ya gari, shemeji hakuwa na jambo jingine aliloliweza bila kusaidiwa.

Asubuhi ya mashindano walipanga foleni ya ukaguzi. Fundi Pumua akavalisha glavu, akawasha, akakanyaga mafuta kwa fahari. Pampu mpya ilikuwa na nguvu kuliko alivyozoea. Glavu haikunywea, ilimezwa, vidole vikaning'inia ndani kulikokuwa na vyuma vinavyocheza. Alizima, akaivuta.

"Shemeji," alisema taratibu, "glavu huwa na vidole vingapi?"

"Vitano. Swali gani hilo?"

"Hii ina vinne."

Shemeji alitazama kushoto, akatazama kulia. "Nyamaza. Hili tunalimaliza kifamilia."

Fundi Pumua alijitahidi kunyamaza kwa muda wa magari mawili kukaguliwa. Lakini mtu aliyetumia miaka ishirini kuzifundisha injini zisizuie kitu tumboni hana mazoezi ya kuzuia cha kwake. Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani na faili, alipowafikia, fundi akajikuta ameropoka.

"Mama, kuna kidole humo ndani."

Mkaguzi alishusha miwani. "Cha nani?"

"Cha mke wangu."

Fomu yake ilikuwa na nafasi ya matairi, breki na mikanda. Ya hili haikuwepo. Mama wa watu akaketi juu ya rundo la matairi.

"Na yeye mwenyewe... yuko wapi?"

"Nyumbani, anaosha vyombo."

"Anaosha vyombo?"

"Kwa shida kidogo, nadhani. Amebaki na ya kushoto tu."

"Cha glavu!" shemeji alipiga kelele, akiipunga ile yenye vidole vinne. "Kidole cha glavu, mama! Jamani, shemeji, utaniua!"

Mkaguzi alijipepea kwa faili mpaka rangi ikamrudia, kisha akafungua kanuni. Gari linalofunguliwa na fundi wake kabla ya kufika kwenye shuka halijashindwa. Linarudi mwisho wa foleni. "Na wewe," alimwambia Fundi Pumua, "leo utaazima geji kama watu wengine."

Walifungua tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini. Kidole kilikuwa kimeng'ang'ania mdomo wa bomba la pampu, kimeliziba kama kizibo cha chupa. Wangeenda kwenye shuka hivyo, oili ingetoka kabla ya dakika ya pili. Shemeji, aliyeshauri siri ya familia, aliyatazama mawingu kwa makini sana.

Walikitoa, wakafunga kava, wakaazima geji, wakaweka valvu ya kupunguza mvuto. Jua lilikuwa utosini walipofika kwenye shuka. Dakika ya kwanza, safi. Ya tatu, safi. Fundi Pumua mwenyewe hakuwa akipumua. Shemeji alipiga magoti na kuchungulia chini ya bampa, na dakika ya tano ilipokaribia kwisha, tone likatua kwenye ukingo wa shuka.

Mkaguzi aliinama. Akaligusa tone kwa kidole, akalisugua, akalinusa. Kisha, kwa kuwa maisha ya mtu yalikuwa mikononi mwake, akalionja. Akainua macho polepole hadi kwenye kidevu cha shemeji, kilichokuwa kinajiandaa kudondosha jingine.

"Chumvi," alisema, akapiga muhuri. "Jifute uso, baba, uingie uwanjani."