Chombo Kilichofungwa kama Miraa

Dada yangu hutupigia simu ya video Jumapili, tukishatoka kanisani. Alikwenda Amerika kusoma, akamaliza, akapata kazi, na tangu amalize Mama hakuwahi kumuuliza atarudi lini. Huuliza kama kuna mvua. Huuliza kama anakula. Hata mimi, ambaye wahadhiri kule Embu walinichoka kwa maswali, hilo moja nililiogopa.

Jumapili moja alipiga akiwa ndani ya jumba la makumbusho. Akageuza simu tuone chombo cha kutua mwezini: miguu minne myembamba, kichwa chenye pembe pembe, na huku chini kimevikwa karatasi inayong'aa kama dhahabu.

"Haya, wewe wa kubisha, umeona?"

"Nimeona karatasi ya kufungia nyama," nikamjibu. "Nani amekuambia kilifika mwezini?"

"Hiki hakikwenda. Kilikuwa cha majaribio, hakikuhitajika tena, kikabaki."

"Si nilisema!"

"Wenzake walikwenda, mbishi wewe."

Mama akaninyang'anya simu. Yeye huuza majani ya migomba kwa wafungaji miraa sokoni Laare, yale ya kufunika mabunda yasikauke njiani. Kwetu kitu kikishafungwa kinaondoka siku hiyohiyo. Kikilala, ni hasara. Aliitazama ile karatasi ya dhahabu kwa makini.

"Wameifunga vizuri. Inaondoka saa ngapi?"

Dada alicheka mpaka picha ikatikisika. "Haiendi popote, Mami. Imekaa tu tangu kabla sijazaliwa."

"Na vile imefungwa?" Mama alisikitika kweli, kama ameona mzigo ulioachwa na gari. "Na hao wenzake, walirudi?"

"Watu walirudi. Vyombo viliachwa hukohuko."

"Watu walirudi," Mama akarudia. Kisha, kwa sauti ileile: "Na wewe?"

Simu haikugeuzwa. Tulibaki tukitazama ile miguu minne. Nilisikia watoto wakikimbia ukumbini, na mtu akikohoa.

"Sijui, Mami."

"Haya." Mama akavuta pumzi. "Hapo ndani kuna baridi?"

"Kidogo."

"Basi funga koti."

Nilikuwa nimeihifadhi picha kutoka kwenye skrini, niitumie kumbishia dada siku nyingine. Jioni nikaikuza nikitafuta kasoro, kama kawaida yangu. Kwenye kioo kilichokizunguka chombo, pembeni kabisa, palikuwa na kivuli chekundu. Nilikitazama muda mrefu kabla sijakitambua: koti lake, na mkono ulioinua simu. Uso haukuonekana. Nikampelekea Mama jikoni. Alifuta mikono kwenye leso, akakigusa kile chekundu kwa kidole, picha ikakimbia, nikamrudishia.

"Kesho uende Makutano wakuchapie kubwa," akasema. "Tuiweke pale ukutani."

Msichana wa duka la picha aliifungua kwenye kompyuta yake, akaisifu.

"Hii mashine ni poa, lakini hapa pembeni kuna kitu nyekundu imeharibu. Nikate?"

"Hapana," nikamwambia. "Kama karatasi haitoshi, kata mashine."